Joy Nekoye Khisa, Mama Aliyewaandikia Watu Asiowajua

Marehemu Joy Nekoye Khisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Turbo, mtoto wa tatu wa Mzee Johnstone Mabonga na Mama Rasoa Mabonga. Alianza kuongea mapema na, kama Mama Rasoa anavyosema, hakuona sababu ya kupumzika.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Turbo, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1999, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka wa 2003. Alifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule ya kibinafsi mjini Eldoret hadi ilipofungwa mwaka wa 2020.

Tarehe 10 Desemba 2005 alifunga ndoa kanisani na Lawrence Khisa, fundi wa magari. Walijaliwa Mercy na Collins, na makao yao yakawa Kimumu.

Shule ilipofungwa, dada yake Lawrence alimwahidi kazi ya kupika katika hoteli yake ndogo Timboroa. Ilimaanisha kulala huko na kuwaona watoto mwisho wa mwezi. Joy hakutaka. Alisema atatafuta kazi ya kuandika matangazo na maelezo ya bidhaa za watu.

"Nani amekuita?" Lawrence akamuuliza.

"Hakuna. Nitawaita mimi."

Wakakubaliana kwamba wakati wa kupanda mahindi ukifika kabla hajapata mteja hata mmoja, ataenda Timboroa.

Basi akaandika barua pepe moja tamu kwenye simu yake, akabadilisha jina la juu, akatuma. Akabadilisha tena, akatuma. Kimya. Jirani yake Chepkorir alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Mama Mercy, wamejibu ama bado wanatafuta miwani?"

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha siku simu ilipolia. Alikuwa Mzee Kiprono, seremala wa majeneza.

"Mama, nimesoma barua yako. Unasema maneno yako yatafanya wateja wangu warudi tena na tena."

Joy akakumbuka kwamba barua ile aliitunga kwa ajili ya mwenye saluni. Akakaa chini.

"Nisamehe, Mzee."

"Wangu wakianza kurudi, mimi nitahama Eldoret. Lakini kuja kesho. Mtu wa kunichekesha katika kazi hii sijawahi kumpata."

Alienda. Alishinda katika karakana ile akisikiliza, akaona jambo ambalo barua yake isingeweza kuliona: watu walifika wamechoka kulia, hawajui waanzie wapi, na wanaona haya kuuliza. Akamwandikia mzee ukurasa mmoja wa kuwaeleza kwa upole kipi hufanywa kwanza na kipi hufuata. Mzee akaubandika mlangoni na kumwagiza aandike mwingine. Jioni hiyo Joy alipiga vigelegele kuanzia langoni, hata Chepkorir akatoka na mwiko mkononi akidhani kuna harusi.

"Nimepata mteja," Joy akasema. "Mwambieni wifi atafute mpishi mwingine."

Tangu hapo hakutuma barua moja kwa watu wawili. Alimtembelea mtu kwanza, au akasoma yote aliyoandika, akatafuta mahali ambapo mteja angepotea, akapaandika upya na kumtumia bure. Aliwaandikia wenye maziwa, wenye mbegu, madaktari wa mifugo, hata kampuni ya ng'ambo inayouza mashine za kukausha mahindi. Wengi hawakujibu. Aliyejibu alisababisha sherehe: chai ya maziwa matupu, na nyumba nzima kusomewa jibu hilo mpaka jina la aliyeliandika. Hakuwahi kuzoea furaha hiyo.

Mnamo Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hapa Eldoret. Wiki yake ya mwisho, akiwa kitandani, alimtamkia Mercy aandike barua kwa kampuni moja ya miche ya parachichi.

"Mathe, hii sentensi ni ndefu."

"Basi ikate. Usiniangalie, kata."

Mercy akakata, wakatuma. Joy alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, mumewe akiwa kando yake.

Jibu lilikuja Jumanne. Mercy alilisoma akiwa jikoni, katikati ya akina mama wa kanisa waliokuwa wakimenya viazi. Kampuni ilitaka kujua kazi inaweza kuanza lini.

"Baba, niwaambie nini?"

Lawrence akasema, "Waambie amefariki. Halafu waambie wewe ni binti yake, na wewe pia unaandika."

Mercy aliandika hivyo hivyo. Wametuma pole zao, na wamesema watamngoja hadi tumalize kumzika mama yake.

Marehemu amewaacha mumewe Lawrence Khisa. Watoto wake Mercy na Collins. Wazazi wake Mzee Johnstone na Mama Rasoa. Ndugu zake Vincent na Wangila. Wifi, shemeji, wapwa na marafiki wengi, wakiwemo aliowapata kwa kuwaandikia.

Bwana ampokee Nekoye wetu, na ampe pumziko lisilo na maumivu.