Jiko la Ghorofa ya Tisa

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa dirisha ambako nawaona, maana sauti yangu haina safari ndefu tena na sitaki kurudia. Elliot, weka simu mfukoni. Deena, kaa karibu na kaka yako, na wewe Yvette usijifanye unakunja mashuka huko mlangoni, kwa sababu nitakayosema yanakuhusu wewe kuliko wote. Mimi Rosalind Gruenwald, mjane wa Morris, nina akili zangu timamu hata kama miguu imeshanikana, na nasema haya kwa hiari yangu. Karatasi ziko kwa wakili, ila yapo mambo ambayo wakili haandiki.

Nianze na nyumba hii, maana najua ndiyo mnayoiwaza. Elliot, jana nilikusikia koridoni ukimnong'oneza dalali kwamba jengo ni la kabla ya vita vikuu, dari zake ziko juu, mbao za sakafu ni zilezile za zamani, na jiko limefanyiwa ukarabati. Sikasiriki. Mtu wa barabara yetu akikaribia kufa, dalali hufika kabla ya rabi wa sinagogi letu. Lakini kumbuka kwamba hapa hatuna hati ya nyumba, tuna hisa za jengo, na hisa hizo haziendi kwa mtu yeyote, hata awe mtoto wa marehemu, mpaka kamati ya wakazi imwite, imkalishe, imuulize maisha yake, kisha ikubali. Ikikataa, haisemi kwa nini. Mimi nilikaa kwenye kamati hiyo miaka kumi na tisa. Nimeona daktari akikataliwa, nimeona mwimbaji wa opera akikataliwa, na wote walishuka na lifti bila kujua kosa lao, huku sisi tukijisifu kwamba tunajua kufunga midomo.

Sasa sikilizeni. Hisa zote nawaachia Deena na Yvette, majina mawili kwenye karatasi moja. Elliot, wewe utachukua ile nyumba ya ufukweni ya baba yako na piano, na usinune kabla hujasikia sababu. Ukishaisikia, nuna upendavyo.

Deena, unakumbuka mwaka wa tisini na moja, wewe na Yvette mlipotaka kununua ile nyumba ndogo ya ghorofa ya tatu humu jengoni ili uwe karibu na mimi na baba yako. Mliitwa na kamati mkaenda mmevaa vizuri, Yvette ameshika barua ya sifa kutoka hospitali anakofanya kazi. Mlipewa chai, mkachekewa, na baada ya wiki ikaja barua ya mistari miwili. Ulinipigia simu unalia, ukaniuliza ni nani aliyewakataa. Nikakujibu kwamba ni Kessler.

Jina la Kessler lilikuwa karibu na ulimi wangu. Alikuwa mwenzangu kwenye kamati, anakaa chini yetu, ghorofa ya nane, na mimi nilikuwa na ugomvi naye kwa sababu nilitaka kubomoa ukuta wa chumba cha mtumishi nipanue jiko, na sinki jipya lingekuwa juu ya kitanda chake. Kwenye majengo haya mtu haweki maji juu ya chumba cha kulala cha jirani, kila mkazi analijua hilo, nami nililijua nikapeleka ramani hivyo hivyo. Miaka miwili alinipinga, na miaka miwili nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia leo ninapokaribia kuonana na Mungu. Kwa hiyo uliniamini mara moja.

Haikuwa Kessler.

Tulikutana watu saba, sebuleni kwa Thurlow aliyekuwa mwenyekiti. Ajenda zilikuwa mbili tu, ombi lenu na jiko langu. Kabla hatujakaa, Thurlow alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba jengo likiwa na amani, watu huwa wepesi kumruhusu mwenzao akarabati. Nilimwelewa: ninyi msiingie, nami nipate jiko langu. Utaratibu ulinitaka nitoke nje, kwa kuwa mwombaji ni mwanangu. Nilisimama, nikachukua mkoba wangu, kisha nikakaa tena. Kessler aliinua mkono kabla ya wengine. Akasema, "Huyu binti nilimwona akijifunza kutembea hapo chini ukumbini, na mwenzake ni nesi. Mnataka nini zaidi?" Wakakubali watatu, wakakataa watatu, halafu wote wakanigeukia mimi. Nikainua mkono pamoja na waliokataa. Haikupita robo saa, jiko langu likaruhusiwa.

Usitoke, Deena. Ukitaka kusimama simama, hata nipe mgongo, lakini usitoke, kwa sababu sina pumzi ya kukufuata.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni jiko tu lililonipofusha, na huo nao ni uongo. Niliona haya. Niliona haya bawabu awaone mkipanda lifti pamoja kila jioni, wanawake wawili, mmoja mweusi aliyezaliwa Haiti, halafu wale mabibi wa ghorofa ya kumi na mbili waniulize ni nani kwa nani. Jiko lilinipa kisingizio tu. Nilimtoa mwanangu, nikapewa kabati mpya na meza ya marumaru, na humo ndimo mmekula Pasaka zote tangu mwaka ule, mkisifia nafasi.

Na Kessler alinyamaza. Alifuata ile desturi yetu ya kufunga midomo, akabeba lawama yangu miaka thelathini, huku Deena humwamkii kwenye lifti. Baba yenu alipofariki, yule mzee alipanda kwa ngazi siku ya tatu ya matanga na sahani ya samaki mkononi. Deena ukamzuia mlangoni, mimi nikiwa nyuma yako. Alinitazama juu ya bega lako. Angeweza kusema neno moja tu. Akaiweka sahani chini kwenye zulia, akashuka. Sasa amekufa, amebaki binti yake humo humo ghorofa ya nane. Nendeni wote watatu mkamweleze, na mseme ni mimi niliyewatuma. Hilo ni agizo langu la kwanza.

La pili. Nimeiandikia kamati kwa mkono wangu, nikaeleza kura yangu ilivyokuwa, na kitabu cha mikutano kipo, wakitaka wasome. Mtakapoitwa, nendeni pamoja, mkae bega kwa bega. Yvette, wakikuuliza wewe ni nani kwa Deena, sema mke, na usishushe sauti. Mkikubaliwa na hamtaki kuishi hapa, uzeni, sitalaumu. Lakini muuze mkiwa wenye nyumba.

Nipe maji kidogo. Basi, yametosha.

Mnizike kando ya Morris kule makaburini Queens, kwenye sanduku la mbao tupu, na maua msilete. Elliot utasema sala ya wafiwa, na Deena naye aiseme, kama... kama ataweza.

Yvette, miezi saba unanipikia supu kwenye jiko lile. Leo asubuhi umenisugua mgongo unaniimbia kwa Kikreoli cha kwenu Haiti, nami nikawa natafuta pa kuanzia, sikupaona. Nilikukosea, binti. Nilikukosea wewe kwanza, kabla ya mwanangu, maana yeye alikuwa na kwao pa kurudi na wewe ulikuwa mgeni.

Njooni niwabariki. Elliot, inamisha kichwa. Mungu akubariki, akulinde, akupe amani. Hivyo. Deena... baki hapo dirishani kama unataka, baraka itafika. Mungu akulinde hata ukiwa umenipa mgongo. Yvette, kila Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, niliwabariki hawa wawili, wewe umesimama na sahani mkononi, sijawahi kukuwekea mkono. Inama. Zaidi kidogo, mkono haufiki. Mungu akubariki, mwanangu... akulinde... akuangazie...

Taa zimepungua, au ni macho yangu. Nani ameushika mkono huu mwingine? Si Elliot, vidole vya Elliot ni vinene.

Usiseme kitu, Deena. Shika tu hivyo hivyo.