Mkono Uleule: Maisha ya Rowena Pargeter, 1988–2023

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1988, Desmond Pargeter alikaa kwa jirani kando ya simu, akisubiri habari kutoka hospitali ya Hereford. Kulipopambazuka aliambiwa amepata binti.

Rowena alisoma shule ya msingi Ledbury. Akiwa na miaka sita aliletewa barua iliyosemekana imetoka kwa Baba Krismasi, mzee wa zawadi, akaikagua, akasema, "Baba, huyu Baba Krismasi anaandika g kama yako."

"Labda tulisoma darasa moja."

"Basi wote wawili mlifundishwa vibaya."

Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Leeds, akabobea katika miandiko ya makarani walionakili vitabu vya Kiingereza zamani, kabla ya mashine za kuchapa. Wengi hawakuacha majina. Yeye aliwatambua kwa mwendo wa kalamu. Mwaka 2015 alichapisha utafiti kuhusu kitabu cha sala cha kanisa kuu la Hereford. Alisema kiliandikwa na wawili: fundi stadi, na mwanafunzi mwenye mwandiko mbovu. Wenzake walikubali.

Tarehe 4 Juni 2016 alifunga ndoa na Tobias Lockyer. Walijaliwa binti, Hester.

Mwaka 2021 aliugua ugonjwa wa neva, mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja, akimwandikia mama yake kadi, aliiinua na kuitazama. Mistari ilikuwa imepindapinda, lakini kila herufi ilianzia palepale ilipoanzia siku zote.

"Mama, yule niliyemwita mwanafunzi," alisema alipompa mama yake kadi hiyo. "Je, huenda ni fundi yuleyule, ila alikuwa ameugua?"

Tangu hapo alitaka jambo moja tu: kukiona kitabu kile kabla hajafa. Maktaba ya kanisa kuu, kilimohifadhiwa, ilikuwa imefungwa, paa linatengenezwa, na madaktari hawakutarajia afike siku ya kufunguliwa. Tarehe 12 Januari mwaka huu mama yake alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, akagonga.

"Rowena, tumefunga," alisema Bwana Aldous Fenwick, mtunza maktaba.

"Najua, Aldous. Hata mimi niko mbioni kufunga."

Bwana Fenwick alicheka, akajifuta macho, akafungua mlango.

Rowena aliinamia kurasa zile mchana kutwa. "Ni yeye," alisema mwishowe. "Nilimkosea. Hakuwa mzembe, alikuwa anaumwa, na hakuacha kuandika." Jioni hiyo Tobias aliandika masahihisho ya utafiti ule, Rowena akitamka.

Alifariki nyumbani Ledbury tarehe 30 Januari 2023. Ameacha mume, Tobias, binti, Hester, wazazi, Desmond na Maureen, na mdogo wake, Giles.

Alale kwa amani. Mikono yake sasa imetulia.