Ubao Chini ya Godoro

Haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu, na akija mmoja kukwambia kwamba siku ile sikuwemo chumbani, mwulize yeye alikuwa wapi. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, mgongo ukutani, mimi mkwe wa nyumba ile, mtu anayejulikana kwa kukumbuka maneno, maana shule niliiacha mapema na kila nilichoshindwa kukiandika nimekiweka kichwani. Mzee, baba wa mke wangu, alikuwa fundi wa sataranji. Kete na mbao za kuchezea zilizotoka mikononi mwake zilitafutwa hata na watu wasiojua kucheza. Homa ilikuwa imemlaza muda mrefu, amekonda, sauti tu ndiyo iliyobaki na unene wake wa zamani. Miguuni pake alisimama mwanawe wa kiume, ambaye sote tulimwita Msasa kwa ukavu wa maneno yake machache, na ambaye alifanya kazi na Mzee karakanani tangu hajaota ndevu. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda. Basi, hatukuwa na mwingine. Na kilichotukutanisha kilikuwa kimoja: Mzee anakwenda, karakana inabaki, na hajasema ni ya nani.

Akaomba aongezewe mto, akainuliwa, akatutazama mmoja mmoja jinsi mwenye duka anavyokagua mzigo uliorudishwa. Kisha akaanza.

"Sikilizeni wanangu, na wewe mkwe, toa mkono mfukoni nikuone vidole. Sitarudia, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo nimeipimia maneno yangu, sikuipimia maswali yenu. Mtu akija kununua seti atamshika mfalme, kwa kuwa ndiye mrefu. Mwacheni amshike. Ninyi shikeni farasi. Mfalme, malkia, mnara na askari wote wanatoka kwenye mashine ya kukereza, na mashine haina aibu, itamfanyia kazi fundi na itamfanyia mwizi vilevile. Farasi peke yake ndiye anayechongwa kwa mkono, kwa hiyo ndiye atakayewaambia aliyemchonga alikuwa na haraka ya nini. Tazameni masikio, tazameni pua. Farasi mwenye uso wa mbuzi ametoka kwa mtu aliyekuwa anawaza chakula cha mchana. Halafu mtikiseni karibu na sikio, mkisikia kitu kinagonga ndani, ile risasi ya uzito iliyotiwa kitakoni imeachia gundi, mrudisheni alikotoka. Halafu mgeuzeni juu chini, bandueni pembe ya kitambaa cha kitako, muone mti una rangi gani pale ambapo hakuna aliyetegemea mngeangalia. Mpingo ni mweusi hata tumboni.

"Yule muuza zawadi wa njia panda, anayenisalimia kwa mikono miwili, mnamjua. Alichukua seti zangu akazipanga mbele, kwenye kioo, na nyuma yake akaweka kete za mti mweupe zilizopakwa dawa ya viatu, akawa anauza za nyuma kwa sifa za mbele. Mteja mmoja akaja kwangu na viganja vyeusi tii, ananiuliza mpingo gani huu unaochafua shati. Nikamchukua askari, nikamlamba pale pale, ulimi ukawa mweusi, nikautoa nje nikautembeza barabara nzima mpaka dukani kwa yule bwana, nikasimama mbele ya wateja wake bila kusema neno. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri sana. Akija kunizika mpeni kiti, ila kisiwe karibu na kabati la kete.

"Na wewe binti yangu, mikono yako ni safi mno, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Uliwahi kuniogeshea kete kwa maji na sabuni."

"Baba, nilikuwa mtoto," mke wangu akasema.

"Maji hayakuwa mtoto. Kete hufutwa kwa kitambaa kikavu, na ikikauka sana hupewa mafuta, tone moja, kisha inafutwa mpaka kitambaa kisiwe na cha kuchukua. Kila moja na kitambaa chake sandukuni, zisigongane, na farasi asiinuliwe kwa masikio wala mfalme kwa kichwa. Na huyu mume wako ni mtu wa kuweka kikombe cha chai juu ya ubao, ukimuuliza anasema alikuwa anapima kama uko sawa."

"Ulikuwa sawa, Mzee," nikasema.

"Ubao ulikuwa sawa. Wewe ndiye uliyepinda. Sasa tufike kwenye ubao wenyewe. Ukitaka kununua ubao tazama ukingo wake: mistari ya mti inayopita juu lazima ishuke na ubavuni, la sivyo umeuziwa ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya takataka. Chukua askari wanne, wakienea ndani ya nyumba moja ya ubao, mraba mmoja, bila kusukumana, ubao na kete vimetengenezewana. Mimi wangu niliufanya kabla ninyi wawili hamjazaliwa, mama yenu akinishikia taa, na haujawahi kuinama hata unene wa kucha. Nilipoanza kuumwa niliuondoa sebuleni, kwa sababu nyumba ikishakuwa na mgonjwa, watu wanaingia na sahani na kutoka na vitu. Nimeuweka hapa, chini ya godoro, uso juu, nikaulalia, nikijua hakuna mkono utakaoufikia bila kunigusa mgongo. Msasa, utoe."

Msasa akapenyeza mikono chini ya godoro, akauvuta taratibu, akaulaza kwenye kigoda mbele ya baba yake. Mzee akataka kete zipangwe. Mke wangu akazipanga. Hapo sote tukaona: kete za katikati zimesimama kilimani, na za pembeni zimeinama kuelekea nje, kila moja na upande wake, kama watu wanaokimbia moshi. Mzee akateremsha jicho mpaka usawa wa ubao.

"Huu si wangu," akasema. "Nimebadilishiwa. Nilijua. Nilijua tangu mlipoanza kunong'onezana pale jikoni mkisema mnaongea habari za dawa. Sasa niambieni, ni nani aliyekuwa ananigeuza mkinibadilisha shuka? Binti yangu hana nguvu ya kuniinua. Mkwe anaogopa wagonjwa, akifika hapo mlangoni anasalimia na kuondoka. Ni wewe, Msasa. Unamwinua baba yako kwa mkono mmoja, kwa mwingine unatoa ubao wa kweli unaingiza huu wa uongo, kisha unaniuliza kama nimelala vizuri."

"Sikuugusa, Baba," Msasa akasema.

"Wewe nyamaza. Karakana, pamoja na mashine, patasi na magogo ya mpingo yaliyoko darini, nampa mkwe."

Sitakudanganya, moyo wangu uliruka. Nilijitahidi uso usionyeshe kitu, lakini nadhani masikio yalicheka. Msasa aliitazama mikono yake, akaiweka nyuma, mtu aliyeambiwa kwamba tangu sasa haina kazi. Hakuwa na kingine. Hakuoa, hakusoma, hakusafiri; maisha yake yote yalikuwa ile meza ya karakana, na sasa imetolewa mbele yake kwa mtu asiyejua patasi inashikwa upande upi.

Mzee hakutosheka. Alitaka ashinde mpaka tukiri.

"Sitaki mseme nimemsingizia. Nitawaonyesha, na mjifunze, maana ubao hauwezi kudanganya. Mti hunywa. Upande unaokunywa ndio unaotanuka. Ukilowa chini, kingo zinainuka unapata sahani. Ukilowa juu, katikati panapanda unapata kilima, kama huu. Kwa hiyo huu umelowa juu. Na si maji ya kumwagika, maji ya kumwagika huacha doa na hapa hakuna doa. Ni unyevunyevu wa uvuguvugu, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Maana yake huyo mwongo aliyeutengeneza hakuwa na akili ya kuuweka pakavu. Aliuweka mahali pa joto, uso juu, na juu yake akaweka kitu kinachotoa..."

Jicho likamshuka mpaka kwenye godoro.

Mke wangu alikuwa ameupitisha mkono chini ya godoro, pale ubao ulipokuwa. Akautoa. Kiganja kilikuwa kinang'aa kwa jasho lililochujika kutoka juu. Akakifuta kwenye gauni lake bila kumwangalia mtu. Msasa alikuwa anatazama ukuta.

Mzee akanyoosha kidole, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa ubao, polepole, akiufuata mstari wa mti kutoka juu hadi ubavuni. Alikuwa anaujua mstari ule. Nilimwona midomo ikitikisika, lakini ukisubiri mtu wa namna ile aseme "nimekosa" utazeeka umekaa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, inabidi umsogelee.

"Ubao huu utanyooshwa," akasema. "Usipelekwe juani, jua litaupasua. Usibanwe kwa nguvu, ukilazimishwa unavunjika. Ulazwe uso chini, kwenye meza ya karakana, kivulini, na juu yake ubao mwingine, na juu ya huo mawe kidogo. Kila asubuhi anayehusika aje auguse. Kama haujakubali, auache. Aje kesho yake. Ni kazi ya mtu anayeweza kukaa kimya. Na haiwezi kufanywa na mtu wa kuja na kuondoka... lazima awe na ufunguo wake."

Akaingiza mkono chini ya mto, ukamchukua muda, akatoa ufunguo wa karakana, akauweka juu ya ubao, katikati, pale palipovimba. Ukateleza kidogo ukaelekea upande wa Msasa. Mzee akauacha uende.

"Mkwe, nilichokupa nimekitwaa. Usinune. Wewe patasi ungeishika kama kijiko. Chukua redio yangu.

"Binti yangu... nyumba hii ni yako. Akija mgeni na ubao wa kuuza... tazama ukingo. Na watu vilevile, tazama ukingo... usitazame uso tu, kama..." Akavuta pumzi, ikachelewa kuja. "Mungu awape mikono mikavu. Awape paa lisilovuja. Msifungiane makabati. Mkifungiana... mtu atalala juu ya kitu chake mpaka akiharibu. Nimewasamehe... na ninyi... haya, haya, inatosha."

Mke wangu akamshika mkono. Macho ya Mzee yalikuwa yamefumba, lakini midomo ilikuwa bado ina neno, na sote tukainama kulipokea.

"Msasa, mwanangu," akasema, "ugeuze ubao. Uso chini."

Msasa akazitoa kete moja moja, akaugeuza ubao. Alipoinua kichwa kumwonyesha baba yake, hakukuwa na wa kuonyeshwa.

Ndivyo ilivyokuwa, na ubao upo, nenda karakanani ukauone. Umenyooka, karibu kabisa. Kila nililosema ni kama lilivyotokea, isipokuwa lile neno "mwanangu" la mwisho. Hilo Mzee hakulisema. Alisema, "Msasa, ugeuze ubao," kama alivyomwita maisha yake yote. Neno nililitia mimi, siku ya kwanza nilipowasimulia watu habari hii, na Msasa alikuwa amekaa mbele yangu akisikiliza. Alikuwemo chumbani kama mimi. Alijua. Aliinamisha kichwa akaendelea kumpiga farasi msasa, na hakunisahihisha.