Siku Yangu Mheshimiwa Asiguse Kipaza Sauti

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Naongea Kiswahili ili Pam, mke wa Mokua, asiachwe nje. Naye ni mtoto wa boma hili.

Shamba la chai la Nyamache mgawane sawa, Mokua na Linda, na asitokee mtu wa kusema msichana hana shamba kwao. Hilo limekwisha. Linalonisumbua ni mazishi yangu.

Mnamkumbuka Lavender, binti wa jirani yetu Nyamusi. Shairi la zahanati isiyo na dawa tulilitunga naye darasani, akaenda kulighani mjini siku ya maandamano, akapigwa risasi. Kwenye mazishi yake wenzake walijipanga wamuage kwa shairi hilohilo. Mheshimiwa, mbunge wetu, alikuwa ameketi mbele, hema amelitoa yeye, na mwalimu mkuu akaninong'oneza tusimwaibishe mgeni. Watoto wakautazama mkono wangu uwaanzishe, kama nilivyowazoesha kwenye mashindano, nami nikauteremsha. Wakaimba wimbo wa kanisa, mheshimiwa akashika kipaza sauti, akaongea mpaka jua likageuka. Sikulia. Tangu siku hiyo sijaona uchungu wa kitu. Hata daktari aliponiambia ugonjwa huu hauponi, nilimuuliza tu kama mvua imeanza.

Sasa sikilizeni. Watakuja watu wengi, maana nusu ya Kiogoro nimewafundisha mimi. Mkutano wa kudai dawa utanyimwa ruhusa, lakini mazishi hayanyimwi. Siku yangu mheshimiwa yeyote asiguse kipaza sauti. Mokua, najua unaiogopea kazi yako ya kaunti. Mimi niliiogopea yangu, na unaona nilivyobaki, mtu mzima nimekuwa gogo. Linda, wewe ni mwalimu; wasimamishe wale wenzake Lavender mbele ya jeneza, waghani shairi lote.

Ngoja... maji kidogo. Ahsante, Pam.

Mstari wa mwisho Lavender aliughani peke yake. Asipewe mwingine. Wakifika hapo wanyamaze. Nyamusi anaujua, binti yake alikuwa akiufanyia mazoezi jikoni kwake. Akitaka atausema. Asipotaka, nyamazeni naye, kisha mnifukie.

Mungu awalinde, awape moyo ule... ule nilioukosa. Pendaneni.

Na msimwombe Nyamusi anisamehe. Mpeni tu... nafasi.