Mzee Mikate na Mke Mwenza wa Magurudumu Mawili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Mikate, aliyetutoka wiki iliyopita. Jina hilo tulimpa sisi wateja. Alisambaza mikate kwa baiskeli, duka kwa duka, tangu ujana wake. Habari zake tumezipata kwa mjane wake, fundi cherehani, ambaye hata leo ukimtajia baiskeli hiyo midomo inambenuka.

Aliionea wivu. Wivu wa kweli, wasikilizaji, si wa mzaha. Aliiita mke mwenza. Mume akirudi nyumbani huifuta baiskeli kwanza, ndipo amsalimie mkewe. Mvua ikinyesha, baiskeli ndiyo huvikwa koti. Haikulala nje hata siku moja. Ililala sebuleni, imeegemea kabati la vyombo, na mama akitaka sahani ni lazima aiombe njia.

Na Mzee Mikate alikuwa mwalimu wa kufuli. Kila mwenye baiskeli aliambiwa yale yale: pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma, funga kwenye nguzo iliyochimbiwa. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atakuachia hilo hilo uende nalo nyumbani. Na namba ya fremu, ijue kwa kichwa.

Lakini mganga hajigangi. Siku moja alimletea mkewe cherehani iliyokuwa ikitengenezwa kwa fundi. Ilikuwa nzito. Akaikumbatia kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani, kufuli linaning'inia kwenye usukani. Alipotoka, baiskeli haipo.

"Nilisikitika kwa mdomo," mjane anakumbuka. "Moyoni nilisema, afadhali, sasa nimebaki peke yangu."

Wakaenda kituoni. Polisi akauliza alama. Mzee akamimina: namba ya fremu, pedeli ya kushoto iliyolika, mkwaruzo chini ya kengele. Mkewe roho inamuuma. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Na mimi nikipotea, utawatajia alama gani?"

Mzee akanyamaza. Polisi akajifanya anatafuta kalamu. Kesho yake Mzee akaanza kusambaza mikate kwa miguu, boksi kichwani.

Haukupita muda, mama akaenda kununua uzi kwenye soko la mitumba. Akaiona baiskeli. Imepakwa rangi nyeusi, mtu anaiuza. Aliitambua kwa kava la kiti, maana alilishona yeye mwenyewe, kwa kununa, na mshono wake anaujua. Shetani akamwambia pita zako. Ukinyamaza, mume ni wako.

Akakumbuka shingo ya mumewe chini ya lile boksi. Hakubishana na muuzaji, wala hakuinunua. Alikwenda moja kwa moja kituoni, akarudi na polisi. Wakaipindua, wakakwangua rangi, namba ikawa ile ile.

Mzee alipokwenda kuichukua, hakuipanda. Aliikokota, mkewe ubavuni. Kisha akasema, anamtazama yeye:

"Ukikasirika unakata uzi kwa meno. Una kovu la pasi chini ya kiwiko. Ukicheka unaficha jino la pembeni. Siku ile nilinyamaza kwa sababu sikutaka yule polisi akujue kiasi hicho."

Kumbe wivu ulikuwa wa wote wawili.

Msibani, mteja mmoja wa mikate alilia kwa sauti, akagaagaa. Mjane akamgusa bega. "Punguza, mama," akamwambia. "Mfiwa ni mimi."

Kwako mama, kwa watoto na wajukuu, kituo chetu cha redio kinatoa pole nyingi. Mungu amlaze Mzee Mikate mahali pema. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tufunge baiskeli zetu vizuri. Kisha kila mmoja amtazame mwenzake aliye naye nyumbani, ajiulize: akiulizwa alama zake leo, ataanza na ipi?