Kwa Nini Rubani Abebe Viwili

Kijiwe hiki cha Basotu kiko mwisho kabisa wa uwanja wa ndege, pale udongo mwekundu unapokutana na mashamba ya ngano. Benchi lenyewe ni ubao wa trela uliolazwa juu ya matairi mawili ya trekta. Upande wa kivuli hukaa Kombaini, jina la ubatizo Nikolausi, aliyeendesha mashine za kuvuna ngano miaka kumi na tisa. Katikati hukaa Antena, fundi wa madishi ya televisheni. Upande wa jua ni wa Hansadi, karani wa kila jambo linalohitaji karani. Kahawa ni ya mama Bernadina, na asubuhi hii Bernadina hakutakiwa kuwa hapo. Alitakiwa awe ameshakaa kwenye ndege ndogo nyeupe, hatua sitini kutoka kwenye birika lake, aende Arusha na daktari wa macho. Kesho saa mbili wangemtoa mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa limekwisha kabisa, na la kushoto lilikuwa linafuata.

Natalia, rubani, alisimama mbele ya benchi akiangalia saa. Alikuwa mzaliwa wa Mogitu, miaka ishirini na saba, na hakuna kitu alichokikagua chini ya mara tatu. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Ikifika saa tano, upepo wa mlimani huanza kuukata uwanja kwa ubavu, na yeye haruki na upepo huo.

— Shikamoo tena, mama. Twende basi. Daktari ameshafunga mkanda, anasinzia.

— Marahaba, mwanangu. Siendi.

— Jana ulikubali.

— Jana Kombaini alikuwa hajaniambia, alisema Bernadina, akipanga vikombe kwa kupapasa. — Kumbe una mashine mbili za kukuonyesha njia. Mtu wa kuuliza njia mara mbili, hiyo njia anaijua?

Natalia alimgeukia Kombaini. Kombaini alikuwa ameinama, anaangalia sana kiatu chake.

— Mimi nilisema tu nilichoona, mwanangu, alisema. — Nilichungulia dirishani. Kishikwambi kimoja, na kidude kingine kama kipande cha sabuni.

Natalia hakubishana. Alienda kwenye ndege, akavifungua vyote viwili, akavileta, akavilaza juu ya benchi. Alikuwa na imani kwamba kitu kikielezwa vizuri, kwa mpangilio, mtu huelewa. Imani hiyo ilikuwa haijawahi kufika kijiweni.

— Hiki kishikwambi kina ramani kubwa, alianza. — Kinanionyesha milima, viwanja, hata mvua iko wapi. Hiki kidogo ni GPS peke yake. Kazi yake moja tu, kuniambia niko wapi na naelekea wapi.

— Mimi naelewa, alidakia Antena. — Kimoja cha kwenda, kimoja cha kurudi.

— Hapana, mzee.

— Sikiliza, binti, mimi nafunga madishi. Setilaiti za asubuhi si za jioni. Zinapokezana zamu.

— We Antena, acha kudanganya mtoto wa watu, alisema Kombaini. — Suala ni bando. Akifika juu ya mlima bando likaisha, anazima hiki anawasha kile. Laini mbili, kama simu yangu.

— Havitumii bando kujua nilipo, alisema Natalia. — Vinapokea tu kutoka kwenye setilaiti.

— Bure?

— Bure.

Kombaini alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyesikia jirani yake ametapeliwa.

Hansadi alikuwa anasubiri wote wamalize, kama kawaida yake.

— Naomba iingie kwenye kumbukumbu, alisema, — kwamba mimi nimeshika kishikwambi wakati wa sensa. Nimekaa sebuleni kwa mzee Bura, nakunywa uji, kishikwambi kinasema niko katikati ya ziwa. Nikahama kiti. Kikasema bado. Nikamwuliza mzee Bura, hapa pamewahi kuwa ziwa? Akanifukuza. Kwa hiyo hivi viwili ni wapinzani. Kimoja kinasema Arusha, kingine kinasema ziwani, rubani anapiga kura.

— Na akipiga kura vibaya? aliuliza Bernadina.

— Ndiyo maana daktari anasinzia, alisema Antena. — Hataki kujua matokeo.

Walicheka. Natalia naye alicheka, bila kupenda, na katika kucheka huko alisahau jua. Kishikwambi kilikuwa kimelala chali upande wa Hansadi, kioo kikiangalia juu. Kikaonyesha alama ya joto, kisha kikawa cheusi.

Kijiwe kizima kikainama.

— Kimekufa, alisema Hansadi.

— Nani amekufa? aliuliza Bernadina.

Natalia angeweza kusema ni betri. Badala yake alikitoa juani, akakaa chini karibu na jiko la Bernadina.

— Hakijafa, mama. Kikipata joto kinajizima. Hata angani kimeshanifanyia hivyo, juu ya ziwa Eyasi.

— Ukafanyaje?

— Nikaangalia hiki. Alimwekea ile GPS ndogo mkononi, akamsaidia kupapasa vitufe kimoja kimoja. — Hakina uzuri wowote. Lakini kina betri zake, kina antena yake, na jua hakiliogopi. Sivibebi viwili eti kwa sababu sijui njia. Njia naijua. Vyombo ndivyo vinavyochoka.

— Na hiki kikichoka?

— Kuna dira. Kuna ramani ya karatasi. Na mlima Hanang mama, nani asiyeuona?

— Mimi, alisema Bernadina. — Tangu Pasaka.

Natalia aliangalia saa. Ilikuwa saa nne na robo.

Hapo ndipo alipofika Gidahosh, mfugaji wa upande wa ziwa Basotu, fimbo begani, akaomba kahawa. Alipewa. Akasimuliwa yote: zamu za setilaiti, bando, kura, ziwa la sebuleni kwa mzee Bura. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa, akafuta mdomo.

— Kati yenu, aliuliza, — nani ameshapanda ndege?

Kombaini aliitazama ngano. Hansadi alikohoa.

— Mimi nimepanda mnara, alisema Antena.

— Nimeuliza ndege.

Kisha kikasikika kicheko kidogo, na kilikuwa cha Bernadina.

— Miaka kumi na minne, alisema. — Miaka kumi na minne nawamiminia kahawa, mnanieleza Ulaya, mnanieleza mwezini. Kumbe wote mko hapa hapa kwenye matairi. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni. — Hii moja nitawaeleza mimi. Na mtanyamaza.

— Mama Bernadina, na kahawa? aliuliza Kombaini.

— Imeisha. Mkono, Natalia.

Natalia alimshika kiwiko, wakatembea zile hatua sitini. Alimfunga mkanda, akaukagua mara tatu. Akaifunga GPS ndogo mahali pake. Kishikwambi bado kilikuwa kinachoma kama chungu, kwa hiyo alikiweka mapajani kwa Bernadina.

— Kipepee na kanga, mama, mpaka kipoe.

— Hii ndiyo kazi yangu?

— Ndiyo kazi yako.

Bernadina alipepea kwa bidii zote. Alipepea huku ndege ikitikisika kwenye udongo, akapepea huku ngano ikikimbia kando, akaendelea kupepea wakati magurudumu yalipoacha ardhi na daktari akazinduka. Natalia alikuwa anaiangalia GPS ndogo na mlima kwa zamu, vyote viwili vikikubaliana, aliposikia sauti nyuma yake.

— Kimewaka, alisema Bernadina. — Mwanga ninauona.