Vidole Vitatu, Bega la Kushoto

Benchi lililo nje ya chumba cha gemu zamani lilikuwa mlango. Walilaza ubao wake juu ya matofali, tundu la kitasa likabaki, na ndimo Daktari huchomeka kijiko cha kukorogea kahawa. Daktari hajatibu mtu hata siku moja, anatengeneza redio. Kulia kwake hukaa Mzee Gia, aliyeendesha mabasi miaka thelathini na moja na mpaka leo hukanyaga klachi akiwa ameketi. Kushoto ni Wembe, kinyozi, ambaye kibanda chake kiko hatua sita kutoka pale na kiti chake mara nyingi kinakaliwa na gazeti. Asubuhi ile ya Alhamisi, pembeni ya ubao alikaa pia Mama Rubani. Alikuwa ametoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali, vidole vimejikunja kwa maji ya sabuni, anamsubiri binti yake amalize mazoezi. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, msichana wa miaka kumi na tisa alishika usukani wa mashine ya gemu, na kwenye skrini gari la rali likapanda mlima likirusha changarawe. Kijiwe kizima kilimwita Rubani. Hajawahi kusikia sauti tangu azaliwe.

— Yule anasikia, alisema Wembe. Anatuzuga tu. Jana kanipita kwa sekunde kumi na nne, na mimi masikio yangu yote mawili yanafanya kazi.

— Yanafanya kazi ya kushikilia miwani, alisema Mzee Gia.

— Mzee, ile gemu si ya kitoto. Kuna jamaa ndani yake anakusomea njia: kona ya kushoto, kona ya kulia, kali kiasi gani. Usipomsikiliza unaingia korongoni. Sasa asiyesikia anajuaje?

Mama Rubani alifungua mdomo.

— Jana mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, niki...

— Subiri kidogo, mama, alisema Daktari. Tulifafanue jambo hili kitaalamu kwanza.

Mama Rubani akanywa kahawa yake. Amezoea. Hata hospitali wanamweleza namna ya kukunja shuka.

— Sauti ni mtetemo, aliendelea Daktari. Redio ikifa spika, weka kidole kwenye kasha, utaipata. Binti anasikia kwa nyayo. Pedali zinamwambia kila kitu.

— Na raba nene vile alizovaa?

— Ndiyo maana kuna kona anachelewa.

Mzee Gia alicheka mpaka akajimwagia kahawa kwenye suruali.

— Ninyi hamjawahi kuendesha hata toroli. Dereva haendeshi kwa masikio, anaendesha kwa macho. Mimi kwenye basi nilikuwa nasoma mbuzi. Mbuzi akikuelekezea mkia, mbele kuna kona. Akikutazama usoni, barabara imenyooka.

— Na asipokuwepo mbuzi?

— Unapunguza mwendo mpaka umwone.

— Kwenye gemu hakuna mbuzi, mzee.

— Kuna watazamaji kando ya njia, si nimewaona? Wakirudi nyuma, jua kona ni mbaya. Binti anawasoma wale. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyeuliza methali ile ilihusu nini. Pale kijiweni methali haihojiwi, ikishatoka, imetoka.

— Hapana, alisema Wembe, akasogea mbele na kushusha sauti. Ile mashine imempenda. Mnacheka? Jiwe lililonipasulia tairi mimi, yeye alipita palepale, jiwe halipo! Nani kaliondoa? Na ile gemu haina huruma: ukipasua tairi, unajiburuza hivyohivyo mpaka mwisho. Mashine inamsafishia njia.

— Wembe, ulikuwa umetoka barabarani. Lile jiwe lilikuwa shambani.

— Sikio halipiti kichwa, mzee!

— Hapo umemaanisha nini?

— Kwamba kichwa chake kimetangulia.

Mama Rubani aliweka kikombe chini.

— Mmemaliza? Basi nisikilizeni. Mnayemwona sasa anacheza ngazi ya chini, yenye mishale kwenye skrini. Ngazi ya juu haina mishale, ina sauti tu. Kwa hiyo nasimama nyuma ya kiti, naisikiliza ile sauti, namgusa. Kona ya kushoto, bega la kushoto. Kona ya kulia, bega la kulia. Kidole kimoja ni kona ya kujikunja kabisa. Vidole vitano ni kona ya kupita tu. Kiganja katikati ya mgongo ni breki. Hakuna mbuzi, hakuna mapenzi.

Daktari alichomoa kijiko tunduni, akakoroga kahawa yake.

— Si ndivyo nilivyosema? alisema Daktari. Mtetemo.

— Na Jumamosi ndiyo mashindano, alisema Mzee Gia. Atawafyeka wote.

— Jumamosi ni ngazi ya juu, mishale hakuna. Wameruhusu msaidizi mmoja nyuma ya kiti. Atakayeshinda anaingia chuo cha ufundi wa magari ya mashindano bila karo. Gereji mbili zimeshamkatalia. Wanasema fundi lazima asikilize injini. Hakuna aliyemwachia aweke kiganja juu ya injini. Na mimi Jumamosi nina zamu. Nimeomba wenzangu watatu tubadilishane, wote wamekataa. Nikikosa kufika, wana mtu wa kuchukua nafasi yangu.

Kijiwe kilipata kazi. Daktari angefunga nyaya mbili kwenye mabega ya binti na kumpitishia umeme kidogo sana, wa kutekenya tu. Mzee Gia alitaka mashindano yaahirishwe, ingawa yeye hata mwenye mashindano hamjui. Wembe alisema wamrekodi mama mikono yake.

— Unarekodije mikono?

— Teknolojia imekua, mzee.

Wakati huo fundi rangi mmoja alikuwa ameegemeza ngazi yake ukutani na kuomba kahawa. Hakuwa mtu wa pale. Alikunywa kikombe kizima akiwasikiliza, madoa ya chokaa yamemkaukia hadi kwenye nyusi.

— Samahanini, wazee wangu, alisema. Ninyi si mko hapa kila siku? Kwa nini asimguse mmoja wenu?

Klachi ya Mzee Gia ilisimama.

Alikuwa wa kwanza kuinua mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye feni ya injini mwaka wa basi lake la pili. Daktari alikiri kwamba akiharakishwa hajui kulia ni wapi. Wote wakamgeukia Wembe.

— Jumamosi nina vichwa vingi, alisema Wembe.

— Vya nani? aliuliza Mzee Gia.

Wembe alitazama kiti chake, na gazeti lililokikalia.

Mama Rubani hakumbembeleza. Kazi ya kuomba alishaifanya wiki nzima. Binti alipotoka, akifuta jasho viganjani, alimweleza kwa ishara yaliyosemwa, yote, na mbuzi pia. Binti alicheka bila kujificha. Kisha akatazama mikono ya wale wanaume, mmoja baada ya mwingine, akamwambia mama yake jambo kwa vidole.

— Anasema anakutaka wewe, Wembe. Anasema amekuona dirishani ukinyoa. Unamgusa mtu kichwa kwa kidole kimoja, naye anageuka mwenyewe.

Binti alikaa mbele ya Wembe, akampa mgongo.

— Kushoto tatu, alisema mama, huku akimwonyesha binti kwa ishara.

Wembe akagusa kulia. Binti akampiga kofi mkononi.

— Kushoto tatu, nimesema.

Vidole vikawa vinne. Kofi jingine. Mzee Gia akauma midomo asicheke.

— Sauti ya kwenye gemu inasema Kiingereza, alisema mama, tena haraka. Unakijua?

— Moja mpaka tano nakijua. Na kulia na kushoto. Mama, sema tena.

— Kulia moja. Breki.

Kidole kimoja, bega la kulia, kisha kiganja mgongoni, chepesi. Binti hakugeuka. Alipinda mikono hewani kama aliyeshika usukani, akaitikia kwa kichwa.

— Jumamosi nafungua saa nane mchana, Wembe alimwambia Daktari. Akija mtu mwambie. Mzee Gia, soma wewe sasa. Soma haraka!

— Kushoto mbili! Kulia tano! Mbu... hapana, kulia tano, endelea!

Mama Rubani alichukua mkoba wake, akamrudishia Daktari kikombe.

— Unakwenda wapi, Mama Rubani? Ndio kwanza tumeanza!

— Kulala, alisema, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.